Radi ya Tukuyu, Seva ya Mbali

Jumatatu, 4 Novemba

Nimeiuliza seva kama kuna sasisho lolote. Imejibu kama kila Jumatatu: hakuna cha kufanya, imekamilika. Nimeandika "sawa" kwenye daftari la ofisi. Ni "sawa" ya nane mfululizo tangu tuhamie toleo jipya.

Mvua tangu alfajiri. Haturekodi mvua ikiwa juu ya bati, kwa hiyo Atupele amepanga mafaili na kuyalalamikia magoti yake. Yeye ndiye msomaji wetu wa habari na ndiye anayekaa na ofisi. Lusajo, fundi wa kompyuta, huja siku tatu kwa wiki. Mimi naandika. Ndiyo ofisi nzima: watu watatu, vyumba viwili, tovuti moja ya habari na sauti za wazee wa Rungwe.

Seva si yetu. Zamani tulikuwa na mashine yetu chini ya meza hii, radi ikaiunguza. Sasa tunakodi kwa kampuni ya nje, na mashine iko Afrika Kusini, kwenye jengo ambalo hakuna kati yetu atakayeliona. Mfumo unaoiendesha ni Linux iliyotengenezwa na kampuni hiyohiyo. Lusajo ndiye aliyeichagua. Hoja yake: aliyejenga nyumba ndiye anayejua mabomba yanapita wapi. Nilikubali. Inawaka haraka, haisumbui, haisemi sana. Nilidhani kutosema sana ni sifa ya mashine.

Saa tano, simu kutoka Masukulu. Mzee Anyosisye amefariki juzi jioni. Mazishi kesho.

Nilimrekodi tarehe 17 Oktoba. Saa moja na dakika ishirini. Sijaihariri.

Jumanne, 5 Novemba

Masukulu. Tope hadi kwenye vifundo. Watu wengi kuliko viti. Ndizi, maharage, ng'ombe mmoja. Mchungaji aliongea kwa kifupi, jambo la kushukuru.

Tupokigwe, binti wa marehemu, nilimkuta jikoni nyuma ya migomba. Miaka arobaini na sita. Aliachika, akarudi kwa baba yake, akapanda miparachichi mteremkoni, mahali ambapo kaka zake walipaita pa vyura. Sasa miti inazaa na magari ya wanunuzi yanafika hadi barabarani. Siku hizi kaka zake hawataji vyura.

Alinishika mkono, wake ukiwa na majivu.

"Dada Saada, ile sauti ya baba unayo?"

"Ninayo."

Miaka thelathini na moja ya kazi hii nimewafundisha vijana wajibu "nitaangalia". Mimi nilijibu "ninayo".

Niandike ilivyokuwa. Siku ile nilikwenda kumuuliza mzee habari za kilimo cha zamani. Alinijibu kwa Kiswahili, taratibu. Katikati akanyooshea simu yangu kidole, akasema anataka kuweka neno humo. Akaacha Kiswahili, akaingia Kinyakyusa. Tupokigwe amepewa kipande mteremkoni. Akataja mipaka. Akarudi kwenye Kiswahili kwa ajili yangu: "Liweke. Siku yangu ikifika, walisikie." Nikamuuliza kwa nini asiite ukoo akawaambia mwenyewe. Akasema wakisikia habari ya kugawa wataanza kumzika kabla hajafa.

Tulikuwa wawili tu barazani.

Alhamisi, 7 Novemba

Kikao cha ukoo ni Jumamosi tarehe 23. Watamchagua msimamizi wa mirathi, watakubaliana nani anashika wapi, na muhtasari utakwenda mahakama ya mwanzo. Tupokigwe ameomba sauti isikilizwe hapo. Kaka yake mkubwa, Ambokile, mwalimu mstaafu anayeishi Mbeya, amekubali. "Baba akisema, nani wa kumkatiza?" Sina sababu ya kumshuku. Sina sababu ya kumwamini pia.

Lusajo amepoteza asubuhi nzima. Programu ya kusafisha sauti haimo kwenye ghala la programu la Linux hii. Kwenye Linux nyingine ni amri moja na dakika moja. Hapa ghala ni la mwenye nyumba, na mwenye nyumba ameweka anachotumia yeye. Imembidi aijenge kwa mkono. "Mama, hii imenyolewa," alisema. "Imenyolewa mpaka nyusi."

Sauti ya mzee iko kwenye seva tu. Kwenye simu sina. Naipandisha, naifuta kwenye simu siku hiyohiyo. Ni desturi yangu tangu mwaka ule simu yangu iliposhikwa na watu wasiohusika, wakasikiliza, na mtu aliyeniamini akapoteza kazi. Sijawahi kuikiuka.

Seva ina diski mbili. Ndogo ni ya kudumu. Maandishi ya tovuti yanakaa huko. Kubwa ni ya kasi, nzuri kwa kazi nzito ya sauti, lakini ni ya mashine yenyewe: mashine ikizimwa kabisa, diski hiyo inapewa mwingine na vilivyomo vinaondoka. Ndiyo maana kila usiku kuna kazi inayojiamsha na kunakili sauti zote kwenda ghala la kudumu. Lusajo alinieleza haya tarehe 15 Septemba, siku ya kuhama. Nimeyakuta daftarini, kwa mwandiko wangu. Nimeyasoma tena leo na nimeridhika.

Jumapili, 10 Novemba

Matwebe. Daraja la mbao limeondoka na maji. Nimepiga picha, nimewauliza wanane. Mchana radi kubwa, ya kufanya kina mama wafunike vioo na kufukuza watoto mlangoni. Mbuzi wawili wamekufa chini ya mti. Nimezima simu kama wote. Nalala kwa mwenyeji, njia haipitiki.

Jumatatu, 11 Novemba

Nimeiuliza seva kama kuna sasisho. Haikujibu. Hata lile la hakuna cha kufanya.

Tovuti haifunguki. Lusajo alifika saa tatu, akaona mara moja: anwani ya seva imebadilika. Hiyo hutokea mashine ikizimwa kabisa kisha ikawashwa. Akauliza nani ameizima.

Atupele hakusita. "Mimi. Jana radi ilikuwa inapasua mbingu. Nikazima kompyuta, nikachomoa kila kitu, nikaingia kwenye simu nikaizima na ile. Mvua ilipokatika nikaiwasha."

Kumbe Lusajo alimwekea njia hiyo kwenye simu mwezi wa tisa, ili mashine ikiganda aiwashe upya bila kumsubiri yeye.

"Mama Atupele, radi ya Tukuyu ipige mpaka Afrika Kusini?"

"Karatasi ya ukutani imesema mashine zote. Ya Afrika Kusini si mashine?"

Lusajo alicheka mpaka akaegemea ukuta. Mimi pia nilicheka. Saa nne na nusu tulikuwa bado tunacheka.

Saa tano kasoro tano Lusajo alinyamaza. Diski ya kasi ni tupu. Imerudi nyeupe kama siku ya kwanza. Nikamwambia hakuna neno, rudisha nakala. Akafungua ghala la kudumu. Nakala ya mwisho ni ya tarehe 14 Septemba. Baada ya hapo hakuna hata moja.

Sauti saba za wazee, zote tulizorekodi tangu hapo. Ya saba ni ya Mzee Anyosisye.

Nilitoka nje nikasimama barazani. Nilikuwa na hasira kiasi cha kutoamini ulimi wangu.

Jumanne, 12 Novemba

Nimefanya kazi ninayoijua. Nimewahoji wote wawili, mmoja mmoja, kama tukio la watu wengine.

Nakala kwanza. Kwenye toleo la zamani kulikuwa na kiprogramu kinachosoma ratiba na kuamsha kazi kwa saa yake. Kila Linux ambayo Lusajo amewahi kushika huja nacho. Toleo jipya la kampuni hii haliji nacho. Ukikitaka unakiweka mwenyewe. Lusajo hakujua. Siku ya kuhama alihamisha ratiba zote, akaziweka kwenye folda ileile, kwa majina yaleyale. Hakukuwa na wa kuzisoma. Ni kama kubandika ratiba ya kengele kwenye shule isiyo na mpiga kengele. Hakuna kosa lililoandikwa popote, kwa sababu hakuna kilichojaribu na kushindwa. Wiki nane mashine imekaa kimya, na mimi kila Jumatatu naandika "sawa".

Kisha kuzima. Atupele anasema simu ilimwonya kwa Kiingereza kwamba kuna vitu vitapotea. Aliusoma. "Dada Saada, kila kitu kwenye simu hii kinaonya. Nikitaka kufuta picha ya chakula kinaonya." Angebonyeza "washa upya" badala ya "zima", kila kitu kingebaki. Lakini hakuwa anataka kuiwasha upya. Alitaka ipumzike radi ipite, kama anavyofanya na redio yake nyumbani, kama tunavyofanya sote huku tangu tuzaliwe.

Tumeitazama karatasi ya ukutani. *Radi ikianza, zima mashine zote. Bila kuuliza.* Ilibandikwa baada ya ile mashine ya chini ya meza kuungua. Hakuna aliyekumbuka kuibandua tulipohamia kwenye seva ya watu. Mwandiko ni wangu. "Bila kuuliza" imepigiwa mstari mara mbili.

Atupele akasema nimfukuze. Nimfukuze kwa kunitii?

Lusajo ameomba radhi mara nne. Ya nne nikamwambia inatosha.

Jumatano, 13 Novemba

Tumewaandikia wenye seva. Jibu limekuja baada ya saa sita, la adabu, lenye jina la mtu. Vilivyokuwa kwenye diski ya kasi havirudi. Diski imefanya kazi kama ilivyokusudiwa. Pamoja na hayo viungo vya kurasa tatu.

Nimezisoma zote tatu. Ukurasa wa diski unasema. Ukurasa wa tofauti za toleo jipya unasema kiprogramu cha ratiba hakimo. Ukurasa wa kuzima mashine unasema, ndani ya kisanduku cha njano.

Kazi yangu imekuwa kutafuta aliyeficha. Hapa hakuna aliyeficha. Kila kitu kilikuwa wazi mezani kwa yeyote mwenye kusoma, na asiyesoma ni mimi, ambaye hula kwa kusoma. Ningempata mwongo mmoja humu ningelala vizuri zaidi.

Ijumaa, 15 Novemba

Baada ya swala nimepitia sokoni kwa Fundi Shabani, aliyerithi meza ya baba yake. Baba yake alitengeneza saa. Yeye anatengeneza simu. Nimempa simu yangu nikamwambia natafuta sauti iliyofutwa tarehe 17 Oktoba.

"Tangu siku hiyo umerekodi mara ngapi, Bi Saada?"

"Kila siku."

"Video?"

"Nyingi."

Alijaribu hata hivyo, mpaka alasiri. Akapata vipande vya mtu anayeuza kuku. Simjui. Akakataa malipo, na hilo likaniudhi zaidi kuliko angedai.

Jumamosi, 16 Novemba

Daftari la tarehe 17 Oktoba. Nimelisoma mara tatu.

Kurasa nne. Bei za kahawa enzi za ushirika, zimo. Jina la mkulima wa kwanza kuleta mbegu ya ndizi fulani, limo na limehakikiwa. Halafu, dakika ya arobaini na moja: "Shamba – kwa T. – Kinyakyusa – sikiliza sauti."

Basi.

Sikuandika mipaka. Simu ilikuwa inaandika kwa niaba yangu. Nakielewa Kinyakyusa, nimezaliwa hapa mjini, mama alikuwa anauza vitenge kwa wanawake wa Masukulu. Lakini nyumbani kwetu kilikuwa lugha ya wateja, na mzee alikuwa anaongea haraka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Nilipanga Atupele aje anisaidie neno kwa neno.

Ninachokumbuka kwa hakika: alimtaja Tupokigwe kwa jina. Alitaja njia ya miguu. Alitaja kijito. Sikumbuki kama alimpa kuanzia barabarani hadi njiani, au kuanzia barabarani hadi kijitoni, njia akiitaja tu kama inavyopita katikati. Miparachichi iko pande zote mbili za njia. Mingi, na mikubwa, iko chini, kuelekea kijitoni.

Nimekaa nimefumba macho nikijaribu kumsikia. Kila nikijaribu, anasema kile ninachotaka aseme. Nikaacha.

Jumapili, 17 Novemba

Nimekwenda Masukulu kumwambia Tupokigwe mwenyewe. Hilo halifanywi kwa simu.

Nilimweleza lote, kwa mpangilio, bila kuwataja Atupele na Lusajo kwa majina. Nilisema "sisi". Alikuwa anamenya maharage mabichi. Hakuacha.

"Kwa hiyo ilikuwa Afrika Kusini," alisema.

"Ndiyo."

"Sauti ya baba. Hakuwahi kufika hata Dar."

Kisha akasema basi si kitu, wewe ulimsikia kwa masikio yako. Nikasema nitasimama kikaoni niseme nilichosikia.

"Sema mpaka kijitoni."

"Alisema kijitoni?"

"Dada, mimi nilikuwa jikoni. Wewe ndiye uliyekaa naye."

Niliaga. Nilinyeshewa njia nzima.

Jumatatu, 18 Novemba

Nimeiuliza seva kama kuna sasisho. Hakuna cha kufanya, imekamilika.

Safari hii nikamwuliza Lusajo sentensi hiyo maana yake nini hasa. Akaenda kusoma. Amerudi uso umemshuka. Linux hii imefungwa kwenye toleo la siku tuliyohamia. Masasisho yapo, mengi, yakiwemo ya usalama. Lakini huyapati mpaka ulitaje toleo jipya kwa jina. Usipolitaja, inakujibu kwa ukweli kamili kwamba ndani ya toleo lako hakuna cha kufanya.

Ni shahidi wa aina ninayoijua. Hadanganyi. Anajibu swali uliloliuliza, halafu anakuangalia.

Nimezikata "sawa" zote nane kwa kalamu nyekundu.

Alhamisi, 21 Novemba

Atupele hajala vizuri wiki hii. Leo amefunga mlango wa studio akasimama mbele yake.

"Dada Saada, utasema kijitoni."

Nikamwambia sijui kama alisema kijitoni.

"Yule ni mzee wa kwetu. Mzee wa kwetu hawezi kumpa mtoto miti nusu. Kyala anajua alisema kijitoni."

"Basi Kyala aje kikaoni."

Nimejuta papo hapo na nikaomba msamaha kwa Mungu wangu na wake. Lakini sikubadili.

Naandika hapa kwa sababu hapasomwi: ni rahisi sana. Hakuna anayeweza kunipinga. Nina jina, nina mvi, ukoo mzima unanijua kama mtu asiyeongeza chumvi. Neno moja, na mwanamke anabaki na miti aliyoipanda kwa mikono yake. Na inawezekana kabisa likawa ndilo neno la kweli. Nusu kwa nusu.

Sijawahi kuchapa kitu cha nusu kwa nusu.

Najichukia kwa kuwa mtu huyo, na sijui kuwa mwingine.

Jumamosi, 23 Novemba

Kikao. Kuanzia saa nne hadi saa nane na robo. Watu kumi na tisa. Mwenyekiti Mzee Lwitiko, mdogo wa marehemu.

Nilisimama nikasema sauti imepotea, na kwamba imepotea kwa uzembe wa ofisi yangu. Minong'ono. Kijana mmoja nyuma akasema kwa sauti, "Si ndiyo hawa wanaotufundisha kutunza historia?" Wakacheka. Alikuwa na haki.

Nikasema nilichosikia: mzee alimpa Tupokigwe kipande mteremkoni, kwa kumtaja jina, akiwa na akili timamu. Alitaja njia na alitaja kijito.

Ambokile aliuliza kwa upole, kama anamuuliza mwanafunzi anayempenda. "Bi Saada, hatubishani na wewe. Tuambie tu. Mpaka wa mdogo wangu ni njia, au ni kijito?"

Tupokigwe alikuwa ameketi na wanawake upande wa migomba. Hakunitazama. Alikuwa anatazama mikono yake.

"Sijui," nikasema.

Mzee Lwitiko aliinamisha kichwa. "Mwandishi, siku hiyo kalamu yako ililala?"

"Ililala, mzee."

Wakajadili kwa Kinyakyusa. Safari hii nilielewa kila neno. Kwa kuwa mashahidi hawapo na sauti haipo, Tupokigwe atashika kuanzia barabarani hadi njiani. Chini ya njia panarudi kwenye nyumba, chini ya Ambokile, ambaye ndiye msimamizi. Atamwachia dada yake avune msimu huu. Waliliona hilo kuwa jambo la ukarimu, na kwa sheria za kikao kile ni kweli lilikuwa la ukarimu.

Bila neno langu asingepata hata juu ya njia, mmoja wao aliniambia wakati wa kuaga. Alidhani ananifariji.

Tupokigwe aliwashukuru wazee, mmoja mmoja, akiwa amepiga goti. "Ndaga. Ndaga fijo." Mimi alinipita.

Jumatatu, 25 Novemba

Lusajo ameweka mwamshaji wa kazi. Ametaja toleo jipya kwa jina. Masasisho yameshuka mengi, mashine ikawashwa upya, ikaamka salama. Sauti zimehamishiwa kwenye diski ya kudumu. Nimefuta faili moja kwa makusudi na kulirudisha kutoka kwenye nakala, kisha jingine, kisha jingine. Yamerudi yote.

Inafanya kazi vizuri sana. Siwezi kuitazama.

Alhamisi, 28 Novemba

Habari ya daraja la Matwebe imetoka. Mhariri mmoja wa Dar ameisifu kwa usahihi wake. Sikumjibu.

Jumamosi, 30 Novemba

Nimekwenda Masukulu bila kuitwa. Sikuwa na sababu ya kutosha, na nilijua nikiwa njiani.

Vigingi vimeshapigwa kando ya njia, vya mti mbichi, vinachipua. Tupokigwe alikuwa upande wa chini, anapalilia miti isiyo yake tena. Nilimuuliza kwa nini. Akasema magugu hayajui kikao.

Alinikaribisha. Chai, ndizi za kuchoma. Sikuomba radhi, nilishaomba, na ya pili ingekuwa kwa ajili yangu.

Kisha akauliza, bila kunitazama:

"Siku ile, baba alikohoa sana?"

"Hapana. Kidogo mwanzoni."

"Alicheka?"

Nikasema alicheka. Mara mbili. Mara ya kwanza aliponisimulia jinsi yeye na kaka yake walivyomuuzia karani wa ushirika gunia lenye mawe chini, na karani akawauzia wao mizani mbovu. Mara ya pili ni pale jogoo alipopanda mezani na kunywea kikombe changu, na mzee akasema huyo ndiye mkaguzi.

Tupokigwe alitabasamu. "Huyo jogoo tulimla msibani."

Akanitaka nirudie ile ya karani. Nikarudia. Akauliza alicheka vipi, kwa sauti au kwa mabega tu. Kwa mabega kwanza, nikamwambia, halafu kwa sauti, halafu akafuta macho kwa kiganja.

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Akaitikia kwa kichwa, akanijazia chai.